Uko na Nani Hapo? Ushauri Nasaha kwa Simu Lodwar na Kakuma

Mshauri nasaha aliyefunzwa kazi ya simu haanzi kwa kumwuliza mtu shida yake. Huanza na swali dogo: uko na nani hapo? Kisha jingine: mtu akitokea tukiwa bado tunaongea, utaniambia nini ili nijue? Wanakubaliana neno. Linaweza kuwa la kawaida kabisa, kama kuulizia bei ya unga, na mshauri akilisikia hugeuza mazungumzo papo hapo au huaga. Wanapatana pia nani atampigia mwenzake simu ikikatika, na kama ni salama namba hiyo kubaki kwenye simu mazungumzo yakiisha.

Maswali haya hufundishwa popote penye huduma ya aina hii. Ukiyafikisha Lodwar au Kakuma ndipo unapoona uzito wake. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Nyumba yenyewe ni ya mabati, au ya matawi na makuti, na jirani husikia mtoto wako akikohoa usiku. Laini pengine imesajiliwa kwa jina la mume au la kaka. Mama anayetaka kumweleza mtu wa nje jinsi mumewe anavyomtenda hana budi kwanza kumwomba mume huyo simu.

Kila panapozungumzwa ushauri nasaha wa mtandaoni kwa watu wa Turkana, mjadala huelekea haraka kwenye minara, bando na intaneti ya setilaiti. Ni kweli, mtandao unahitajika. Kati ya Lodwar na Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, kuna sehemu ambako simu huwa saa tu ya kutazamia wakati. Lakini mnara ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, kwa sababu una mkandarasi na una bajeti. Nusu ya pili ni mahali pa kuongea pasipo kusikiwa, na mtu wa kuongea naye anayejua maisha ya hapa.

Tuanze na kilicho wazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana, zilipo Lodwar na Kakuma, waliotawanyika kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 70,000. Mathari, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1910, iko Nairobi, takriban kilomita 700 kutoka Lodwar. Umbali huo si wa leo: wakoloni walimleta Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959 kutoka Lokitaung, wakamweka hapo hadi 1961, kwa kuwa waliamini hapa sauti ya mtu haisikiki mbali. Barabara ya Kitale imetengenezwa sana tangu siku hizo. Daktari wa akili bado ni mtu wa kufuatwa mbali. Mkaguzi Mkuu wa Serikali, katika ripoti yake ya 2017, alikuta nchi nzima ina madaktari bingwa 92 wa magonjwa ya akili na wauguzi 327 wa fani hiyo. Wengi wa madaktari hao walikuwa Nairobi na miji mingine mikubwa. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipowasilisha ripoti yake mwaka 2020, lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa hesabu hizo, anayesema simu haifai kitu kwa Turkana ana wajibu wa kutuonyesha njia nyingine ya kumfikisha mtaalamu Lokichar au Kalobeyei wiki hii.

Msongo wa mawazo una sababu zake kila mahali, na wa hapa una zake. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Mwandishi wa mjini huandika habari hiyo kama hasara ya mali, na hapo ndipo anapopotea. Mbuzi, ngamia na ng'ombe wa Mturkana ndio benki yake, ndio mahari ya mwanawe, ndio fidia ya kosa, ndio sauti yake chini ya mti wanapokaa wazee. Mwanamume aliyekuwa na zizi na sasa anaishi kwa kuchoma makaa pembezoni mwa Lodwar, Nakwamekwi au Kanamkemer, hakupoteza chakula tu. Nyumbani kwake amepoteza nafasi. Mkewe anayeuza makaa hayo, au anayesuka vikapu, ndiye mwenye shilingi ya jioni. Huko ndiko ugomvi unakoanzia. Pombe ya chang'aa huja baadaye.

Mahari nayo hulipwa kwa miaka. Hukusanywa kutoka kwa ndugu, marafiki na wajomba, na isipokamilika, watoto huweza kuhesabiwa kuwa wa nyumba ya baba wa mama yao. Kwa hiyo ndoa ya hapa ina wenyewe wengi. Mshauri aliyeketi ofisini Westlands, Nairobi, mwenye shahada nzuri na moyo mwema, anaweza kumwambia mama aliyepigwa arudi kwao apumzike kwanza. Asichojua ni kwamba kwao hakuna ngamia wa kurudisha, na kaka zake wanaweza kuwa wa kwanza kumsindikiza arudi alikotoka. Ushauri ule ni sahihi katika kitabu. Kwa mama huyu ni mlango mwingine uliofungwa. Ndiyo maana nasema mshauri anayefaa Turkana ni yule aliye mbali kiasi cha kutoijua familia yako, na karibu kiasi cha kujua maana ya zizi tupu.

Kakuma kuna mzigo wa aina nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa mwaka 2016. Leo pande hizo mbili zina watu wapatao 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan na kwingineko. Wapo waliozaliwa kambini, wakaoa kambini, na sasa wanalea watoto humo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, ulikadiria kwamba katika jamii zilizopitia vita, mtu mmoja kati ya watano hivi anaishi na tatizo la afya ya akili. Lakini ukimsikiliza mtu wa Kakuma, vita vya zamani ni sehemu moja tu ya anayoyasema. Linalomnyima usingizi mara nyingi ni faili.

Faili la kuhamishiwa ng'ambo huweza kuchukua miaka. Mahojiano, vipimo vya afya, kusubiri, mahojiano tena. Ndugu mmoja hupita, mwingine hukwama. Mume ameshafika Marekani, mke yuko Kakuma na watoto, na kila Jumapili wanaonana kwenye WhatsApp wakiwa na la kusema linalopungua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari za watu waliokuwa wamekwisha kuuza vitanda na sufuria zao zikafutwa. Mwaka huohuo fedha za misaada zilikatwa na mgao wa chakula ukapunguzwa vikali. Aliyeko ng'ambo akawa anapigiwa simu na watu wengi kuliko anaoweza kuwasaidia. Aliyebaki akawa anaona kama ametupwa na nduguye. Hapo simu ile inayotakiwa kuleta faraja ndiyo inayoleta lawama, na hilo ni jambo ambalo mshauri wa mtandaoni anayeshughulika na familia za Kakuma lazima alijue kabla hajafungua kinywa.

Kuna laini nyingine ya simu inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, mfumo wa kutuma sehemu ya mgao kwa laini ya Safaricom badala ya kugawa nafaka yote kwa mkono. Ulisaidia sana. Familia zilianza kununua wanachokula, na wafanyabiashara wa kambini na wa mji wa Kakuma wakapata soko. Lakini fikiria laini hiyo ndani ya nyumba. Anayeishika anaushika unga. Mume na mke wakigombana, laini huenda mfukoni mwa mmoja wao. Kwa hiyo unapopanga huduma ya ushauri inayomfikia mtu kupitia simu ya nyumbani, unapita katikati ya ugomvi uleule unaotaka kuutuliza.

Je, ushauri wa aina hii husaidia kweli? Ushahidi upo, na mwingine uko karibu nasi. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, watafiti walifanya majaribio na wanawake 694 wa Sudan Kusini. Nusu hivi walipitia programu ya WHO inayoitwa Self-Help Plus: vikao vitano vya saa mbili, katika vikundi, wakisikiliza maelekezo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba jinsi ya kukabiliana na msongo. Waendeshaji hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha dhiki ya wanawake hao imepungua zaidi kuliko ya wenzao, hata miezi mitatu baadaye, japo nafuu haikuwa kubwa sana. Nairobi nako, wanawake 421 wa mitaa ya kipato cha chini, wengi wakiwa wamepitia dhuluma, walishiriki majaribio ya programu nyingine ya WHO, Problem Management Plus. Wahudumu wa afya ya jamii ndio waliofunzwa kuiendesha: namna ya kupumua polepole mwili unapokaza, kuligawa tatizo katika vipande, kuanza tena kazi ndogo ndogo mtu alizoziacha, na kutafuta wa kumwegemea. Ripoti ya 2017 ilisema waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida.

Kisha kuna Lebanon, ambako Wasyria waliokimbia vita walipewa programu ya simu iitwayo Step-by-Step. Mtu alisoma au kusikiliza hadithi kwenye simu yake, na mara moja kwa wiki msaidizi aliyefunzwa alimpigia kwa dakika 15 hivi. Waliomaliza walifaidika. Wengi, hata hivyo, waliacha njiani. Nayasoma matokeo hayo hivi: programu peke yake humchosha mtu mwenye dhiki. Anachosubiri ni zile dakika za sauti ya binadamu. Anayetaka kuleta huduma kama hiyo Turkana aanze na sauti, programu ije baadaye. Tena mzee mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, hana pa kuiweka programu, ilhali kupokea simu anaweza.

Sauti hiyo itasema lugha gani? Lodwar, Kiswahili kinatosha kwa vijana, walimu, waendesha bodaboda na wafanyabiashara. Kwa mama aliyetoka Loima au Kibish mwaka wa ukame, uchungu wake uko katika Kiturkana, na katika Kiswahili atakupa nusu yake. Kambini, Wakongo na Warundi wengi hujieleza kwa Kiswahili bila shida. Wasomali, Wadinka na Wanuer wengi huhitaji mkalimani, na mkalimani wa kambini mara nyingi ni mtu wa jamii hiyohiyo, anayesali mahali pamoja na shemeji yako. Kibaya kuliko hicho ni mtoto kumtafsiria mama yake. Msichana wa miaka 12 anaambiwa amweleze daktari yale ambayo baba alimfanyia mama usiku, naye anayabeba maisha yake yote.

Katika hili simu ina neema ambayo ofisi haina. Mkalimani anaweza kuwa Nairobi au Nakuru, hata kwenye nyumba ya dada yake, asiyekujua wala usiyemjua, akaunganishwa kwenye mazungumzo kwa sauti tu. Mshauri Mturkana anayefanya kazi Eldoret anaweza kumhudumia mtu wa Kalokol kwa lugha yao. Vijana wa Turkana wanaosomea saikolojia na ustawi wa jamii wapo, na wa kambini waliosoma kozi kwa njia ya mtandao wapo pia. Mashirika kama lile la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi (JRS) na Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) yamekuwa yakitoa ushauri nasaha na huduma za akili Kakuma kwa miaka mingi, na katika kazi hiyo yamefunza wakimbizi wenyewe kuwasikiliza wenzao. Kupotea kwa watu hao fedha zinapokauka ni hasara kubwa kuliko kuharibika kwa kompyuta yoyote, kwa sababu mtu aliyefunzwa kusikiliza na kutunza siri, kwa lugha ya jirani zake, hapatikani dukani.

Narudi kwenye mahali pa kuongelea, kwa kuwa hapo ndipo penye ufa. Wakenya wengi walianza kuzoea ushauri nasaha katika vituo vya VCT, yaani vya ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya Ukimwi, vilivyoenea nchini miaka ya mwanzo ya 2000 wakati wa makali ya ugonjwa huo. Kilichovifanya vifanye kazi ni kitu rahisi: chumba chenye mlango, viti viwili, na mtu aliyeapa kutosema. Tatizo lake lilikuwa nje ya mlango, ambako kila mpita njia alijua umefuata nini. Sasa chukua chumba hichohicho, kiweke ndani ya zahanati ambako watu huingia kwa homa, chanjo na kliniki ya wajawazito, na mezani uweke simu iliyochajiwa kwa sola. Mama anaingia na kadi ya mtoto. Muuguzi anafunga mlango, anapiga namba, anatoka. Kwa nusu saa mama anaongea na mshauri aliye kilomita 300 kutoka hapo. Mume akiuliza, alikwenda kliniki, na ni kweli alikwenda. Gharama ya chumba hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na programu za kisasa zinazozinduliwa hotelini.

Watu wa kuipeleka huduma hiyo wapo tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kisasa za kuingizia taarifa za kila nyumba. Turkana nao wapo, wanatembea kutoka boma hadi boma juani. Mhamasishaji ndiye anayejua nyumba ambayo baba hajatoka nje kwa wiki mbili. Ndiye anayeona mama aliyejifungua hamtazami mtoto. Simu aliyopewa hutumiwa kukusanya takwimu za kupelekwa juu. Ni haki pia itumike kuleta msaada chini: afunzwe kutambua dalili, apige simu kwa mshauri mwenye leseni, amkabidhi mtu simu na kusogea pembeni. Tena posho yake ilipwe kwa wakati, kwa maana mtu anayebeba huzuni za nyumba mia akiwa na njaa atachoka upesi.

Kuna hatari za mtandao ambazo lazima zitajwe bila kuficha. Ukifungua Facebook au TikTok ukiwa na ndoa inayoyumba, utakutana na waganga wanaoahidi kumrudisha mume kwa siku tatu ukituma pesa kwa M-Pesa. Utakutana pia na wanaojiita makocha wa maisha ambao hawajawahi kufunzwa na yeyote. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayetoa huduma hii awe amesajiliwa. Mwulize usajili wake. Anayekasirika kwa swali hilo amejibu. Programu za akili unde nazo sasa hujibu kwa Kiswahili kizuri, usiku wa manane, bila kuchoka, na sishangai mtu mpweke akizikimbilia. Lakini hazimjui chifu wako, haziwezi kumtuma mhamasishaji aje mlangoni, na mtoto akiwa hatarini hazitoki kwenda kumchukua. Zaidi ya hayo, yale unayoyaandika huko yanahifadhiwa mahali usipopajua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Mkimbizi anayeogopa kwamba kusema hajalala miezi mitatu kutaharibu faili lake ana haki ya kuambiwa, kwa lugha yake, nani atayasoma maneno yake na nani hatayasoma.

Hofu nyingine ilikuwa ya sheria yenyewe. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, wa kufungwa hadi miaka miwili. Watu walikaa kimya hata mbele ya daktari, wakichelea polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo haijafika kila boma. Redio za Lodwar na Kakuma zinaweza kuifikisha kwa wiki moja, kwa Kiturkana na kwa lugha za kambini: aliyefika ukingoni akasema, anasaidiwa.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Turkana na mashirika yanayofanya kazi Kakuma na Kalobeyei, ombi ni moja na linawezekana katika bajeti ya mwaka huu: kila zahanati iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungika, simu yenye chaji, na orodha ya washauri wanaojua lugha za wanaoingia humo. Wazee wanaosuluhisha ndoa chini ya mti wasiachwe nyuma, wala mapadri, wachungaji na maimamu. Hao ndio ambao watu huwaendea kwanza, na wakifunzwa kidogo watajua ni wakati gani jambo limezidi kikao na linahitaji mtaalamu.

Na kwa wewe unayesoma haya ukiwa umebeba lako: namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea wenye msongo wa mawazo na huzuni. Namba 116 ni ya watoto na ya yeyote anayemhofia mtoto. Namba 1195 ni ya waliotendewa dhuluma za kijinsia. Zote ni za bure, hata simu isipokuwa na salio. Ukiwa huna pa kuongelea, mwambie muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe kwamba unaomba chumba na simu.